Wino Usiokuwepo: Skrini Bapa Ikielezwa kwa Kiswahili

Likizo iliyopita niliketi siku kadhaa kando ya meza ya fundi wa simu na televisheni mjini Kasongo, daftari mkononi. Nilikwenda kukusanya majina: watu wa kusini mwa Maniema wanaitaje kila sehemu ya simu? Ilikuwa kazi ya semina tu. Majina niliyapata, lakini nilirudi pia na sentensi moja iliyonisumbua kuliko majina yote. Mama mmoja aliyetoka upande wa Kabambare kwa pikipiki alitoa televisheni ndani ya blanketi. Fundi akaiwasha kwa betri yake. Mama akanyoosha kidole kwenye doa jeusi pembeni, lenye mishipa kama ya jani, akasema: “Fundi, wino ilimwangika mu ekra.” Fundi akajibu: “Eh mama, ilimwangika kweli.” Walielewana kabisa. Na wote wawili walikosea, maana ndani ya televisheni ile hamna wino hata tone.

Kosa hilo lilikuwa na bei. Kama wino umemwagika, si unaweza kuongezwa? Mama alikuwa ameshauliza swali hilo mahali pengine, njiani, na mtu fulani alipokea dola 10 ili “kuongeza wino”, akakaa na televisheni siku mbili, akairudisha na doa lilelile. Sitaki kumwita mwizi. Huenda naye aliliamini neno. Lakini sisi wa isimu huwa tunaziandika sitiari kwenye kadi na kuzipanga kwa aina, na ni mara chache tunakutana na sitiari iliyomgharimu mtu dola 10.

Makala haya yanaeleza skrini bapa ni nini, inavyofanya kazi na inavyotengenezwa, kwa Kiswahili, kiasi kwamba msomaji akimaliza aweze kumjibu mama yule. Nitasimama kwenye maneno pale yanaposaidia au yanapopotosha. Mimi si mhandisi. Mambo ya fizikia nimeyasoma vitabuni, na mengine nimeyajaribu kwa skrini mbovu tatu ambazo fundi alinipa nizifungue.

Kutoka chogo hadi bapa

Dar es Salaam televisheni ya zamani huitwa “TV ya chogo”, na sijasikia jina la kitaalamu linaloishinda hilo. Chogo ni sehemu ya kichwa inayotokeza nyuma, na chogo la televisheni halikuwa pambo. Ndani yake mlikuwa na bomba la kioo lisilo na hewa, lenye asili katika bomba alilolibuni Karl Ferdinand Braun nchini Ujerumani mwaka 1897. Nyuma kabisa palikuwa na kifaa cha kufyatua elektroni. Mfululizo wa elektroni hizo ulipindwa kwa sumaku, ukagonga unga unaong’aa uliopakwa nyuma ya kioo cha mbele, mstari baada ya mstari. Ili ufike pembe zote nne, ulihitaji nafasi ya kutawanyika. Skrini ikipanuka, chogo nalo linarefuka. Ndiyo maana televisheni ya namna ile haikutundikwa ukutani, na kuipakia kwenye pikipiki kati ya Kabambare na Kasongo kulihitaji watu wawili na moyo.

Katika skrini bapa hakuna kinachofyatuliwa kutoka nyuma. Taa inawaka muda wote, na mbele yake pana mamilioni ya milango midogo inayofunguka na kufungwa. Kazi yote ya kuielewa ni kuelewa mlango mmoja.

Kioo kipi?

Kwanza majina. Neno kioo katika Kiswahili hubeba mizigo miwili: ni mata ngumu inayopitisha mwanga, kama ya dirisha, na ni kile tunachojitazamia tunapochana nywele. Simu imeongeza mzigo wa tatu. Mteja akisema “kioo cha simu kimevunjika”, fundi bado hajui kama ni kioo cha nje cha kugusa au ni paneli ya ndani inayotoa picha, na bei zake ni mbali kwa mbali. Kwenye meza ya Kasongo tatizo hili limekwisha kutatuliwa, na limetatuliwa kwa Kifaransa. Taktili ni kioo cha kugusa. Afisheri ni paneli ya picha. Komple ni hivyo viwili vikiwa vimegandishwa kwa gundi angavu, hata huwezi kubadili kimoja bila kingine. Ekra ni neno la mteja, la kitu chote anachokitazama.

Walimu wetu hupenda kulalamika kwamba Kiswahili cha mafundi kimejaa Kifaransa. Nawaheshimu, ila hapa siwaungi mkono. Fundi hakukopa kwa uvivu. Kioo kilikuwa kimoja na vitu vilikuwa vitatu.

Vitabu vya Tanzania na Kenya hutumia skrini, na Kenya utakutana pia na kiwambo, kutoka kuwamba, yaani kuvuta ngozi na kuikaza juu ya mdomo wa ngoma. Humu nitasema skrini kwa kifaa chote kinachotazamwa, na paneli kwa bamba la ndani lenye picha. Kuwamba tutakutana nako tena baada ya muda mfupi.

Uzio wa fito

Funga kamba kwenye mti, ipitishe kati ya fito mbili za uzio zilizosimama, kisha shika ncha nyingine. Ukiitikisa juu na chini, wimbi linapita. Ukiitikisa kushoto na kulia, fito zinaliua. Mwanga nao ni wimbi, na mwanga wa jua au wa taa hutikisika pande zote kwa pamoja. Kuna utando wa plastiki, polaraiza, unaofanya kazi ya uzio: hupitisha mtikisiko wa upande mmoja tu. Ukiweka polaraiza ya pili mbele ya ya kwanza, fito zake zikiwa zimelazwa, mwanga uliovuka uzio wa kwanza unafia kwenye wa pili, na unaona giza. (Mwanafizikia atasema kwamba katika plastiki halisi mwanga unaopita ni ule unaotikisika kuvuka molekuli, si kuzifuata. Ni kweli, lakini mfano wa uzio unatosha kwa safari yetu.)

Polaraiza hutengenezwa kwa kuwamba hasa. Utando wa plastiki iitwayo polivinili alkoholi hutiwa iodini na kuvutwa mpaka molekuli zake ndefu zilale upande mmoja. Sidhani kama aliyependekeza kiwambo alilifikiria hilo, lakini neno lake limeangukia pazuri.

Jambo hili mtu anaweza kulijaribu mwenyewe. Katika skrini mbovu ya kwanza nilibandua utando wa mbele na wa nyuma, nikaushikilia mmoja juu ya mwingine kuelekea angani, nikauzungusha ule wa juu. Robo mzunguko, giza. Robo nyingine, mwanga. Watoto wa fundi waliucheza mchezo huo mpaka jioni.

Fuwele zinazotiririka

Kati ya nyuzio hizo mbili panakaa kitu kinachoweza kuugeuza mwanga. Mwaka 1888, mjini Prague, mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer alikuwa akichunguza mata iliyotokana na kolesteroli ya karoti. Aliipasha moto, na kwa nyuzijoto 145.5 ikayeyuka, lakini ikawa majimaji yenye ukungu. Akaendelea kuipasha, na kwa nyuzi 178.5 ukungu ukatoweka ghafla. Mata moja, viyeyuko viwili. Alimwandikia Otto Lehmann wa Ujerumani, mwenye hadubini nzuri, naye akatambua kwamba yale majimaji yenye ukungu yalitiririka kama maji huku molekuli zake zikiwa zimepangika kama za fuwele. Wenzake wengi walikataa kwamba kitu kinaweza kuwa fuwele na kioevu kwa wakati mmoja.

Kwa Kiswahili nasema fuwele kioevu, nomino mbili zikikaa bega kwa bega kama askari kanzu au mbwa mwitu. Nilijaribu fuwele nyevu nikaiacha: hiyo ni fuwele iliyoloa mvua, jambo jingine kabisa.

Molekuli za fuwele kioevu zinazotumika kwenye skrini ni ndefu kama vijiti. Huwekwa kati ya vioo viwili, katika mwanya wa mikromita 3 au 4, mwembamba kuliko unywele kwa mara nyingi. Uso wa ndani wa kila kioo umepakwa tabaka la plastiki, kisha umesuguliwa upande mmoja kwa kitambaa kama mahameli. Vijiti hulala kufuata msuguo huo. Katika aina iliyofungua njia, kioo cha nyuma husuguliwa juu-chini na cha mbele kushoto-kulia. Vijiti vya nyuma vinalala wima, vya mbele vinalala mlalo, na vilivyo katikati havina budi kupinda kidogo kidogo kutoka mwelekeo mmoja hadi mwingine. Kwa neno moja, vimesokotwa. Mwanga ukiingia hufuata msokoto, unatoka umegeuka robo mzunguko, na uzio wa pili unaupokea. Mlango uko wazi.

Sasa weka umeme kati ya vioo viwili. Vijiti vinasimama kutoka kioo hadi kioo, msokoto unatoweka, mwanga haugeuki tena, na uzio wa pili unauzuia. Mlango umefungwa. Kata umeme, vijiti vinarudi kulala, msokoto unarudi. Mpango huu ulibuniwa na Martin Schadt na Wolfgang Helfrich mjini Basel, Uswisi, mwishoni mwa mwaka 1970. James Fergason alikuwa akifanya kazi hiyohiyo Marekani, na ugomvi wa hataza ukafuata. Kikokotoo cha muuza duka bado hufanya kazi hivyo.

Hapa naomba wenzangu wa isimu wakae kidogo. Kiswahili kina kauli ya kutendua: funga/fungua, kunja/kunjua, ziba/zibua, tega/tegua. Kiambishi ni u, isipokuwa mzizi ukiwa na o ndipo nacho kinakuwa o, kama chomeka/chomoa. Tazama tega/tegua: irabu e haikivuti, ingawa katika kauli ya kutendea e na o huenda pamoja. Kwa kanuni hiyo sokota inatupa sokotoa, na sokotoa ndicho kitenzi cha skrini nzima. Umeme husokotoa, umeme ukikatika, fuwele hujisokota tena. Lakini kutendua si kukanusha. Aliyefungua mlango alikuta umefungwa. Kauli hii huidai hali iliyokuwepo kabla na kuirudisha nyuma. Fuwele iliyosokotolewa ipo, inashikiliwa na umeme, na itarudi. Mahali pasipo na fuwele hapana cha kusokota wala cha kusokotoa.

Na hilo ndilo doa la mama. Televisheni ilipopigwa na jiwe au ilipobonyezwa na kamba ya pikipiki, kimoja cha vioo vile vyembamba kilipasuka. Fuwele kioevu ikatoka au ikasukumwa kando, hewa ikaingia. Pale ilipoondoka, mwanga kutoka nyuma unavuka uzio wa kwanza, haukuti wa kuugeuza, unafia kwenye uzio wa pili. Weusi ule si kitu kilichomwagika. Ni sehemu ambayo mwanga umekosa msokoto wa kuuvusha.

Niongeze kwamba televisheni nyingi za leo hazisokoti hivi. Katika aina moja vijiti husimama vyenyewe na umeme huviinamisha; katika nyingine hulala na umeme huvizungusha bila kuviinua, na picha huonekana vizuri hata ukiketi pembeni. Vitenzi vinabadilika, ila uzio mbili na kigeuza mwanga katikati vinabaki, na skrini hizo zikipasuka hupoteza picha kwa sababu ileile.

Milango milioni sita

Skrini ya nukta 1,920 kwa 1,080 ina nukta 2,073,600. Kila nukta ina milango mitatu, mmoja mbele ya kichujio chekundu, mmoja cha kijani, mmoja cha bluu: jumla 6,220,800. Rangi ya chungwa unayoiona ni mlango mwekundu ukiwa wazi sana, wa kijani nusu, wa bluu umefungwa. Ukitaka kuamini, weka tone dogo la maji juu ya skrini ya simu inayowaka. Tone linakuza kama lenzi, na nukta za rangi zinaonekana.

Huwezi kupeleka nyaya milioni sita. Kuna nyaya za safu na nyaya za nguzo, na penye makutano pana transista ndogo sana iliyochorwa juu ya kioo chenyewe. Safu moja inaitwa, milango yake yote inapokea kiasi chake cha umeme, transista zinajifunga ili kiasi hicho kisivuje, kisha inaitwa safu inayofuata. Skrini nzima huzungukwa mara 60 kwa sekunde. T. Peter Brody na wenzake wa kampuni ya Westinghouse walionyesha njia hii mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1979 watafiti wa Dundee, Uskoti, wakaonyesha kwamba transista za aina hiyo zinaweza kutengenezwa kwa silikoni isiyo na umbo la fuwele, inayopakwa kwenye bamba kubwa la kioo kwa gharama nafuu. Mwaka 1988 Sharp ya Japani ilionyesha skrini ya rangi ya inchi 14.

Mistari ya rangi isiyoondoka, ambayo Kasongo huonekana sana kwenye televisheni zilizosafiri, mara nyingi ni waya wa safu au wa nguzo uliokatika au kuachia pale unapokutana na chipu pembeni.

Fuwele kioevu haitoi mwanga. Taa iko nyuma, na kwa sababu ya polaraiza na vichujio vya rangi, chini ya asilimia 10 ya mwanga wake ndiyo inayotufikia. Zamani taa ilikuwa mirija myembamba. Sasa ni LED. Kwa hiyo boksi lililoandikwa “TV ya LED” huwa linataja taa, si paneli. Aina ambayo nukta zenyewe zinawaka ni OLED, iliyotokana na kazi ya Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak mwaka 1987. Hiyo haihitaji taa ya nyuma, na palipo peusi pamezimwa kweli. Simu za bei huwa nayo. Mezani kwa fundi wetu zilifika chache.

Kiwandani

Paneli huanza kama bamba la kioo kisicho na sodiamu, kwa kuwa sodiamu ikihama ingeharibu transista. Unene wake ni milimita 0.5 au pungufu kidogo au zaidi kidogo. Kampuni ya Corning ya Marekani hukitengeneza kwa kumimina kioo kilichoyeyuka kwenye mfereji mpaka kifurike pande zote mbili. Mikondo miwili inateremka kwenye kuta za nje za mfereji, inakutana chini na kuungana kuwa bamba moja lililoning’inia, ambalo nyuso zake hazijaguswa na chochote ila hewa. AGC ya Japani hutumia njia nyingine, ya kukielea kioo juu ya bwawa la bati lililoyeyuka. Liangalieni neno hilo, bati.

Mabamba ni makubwa kuliko vyumba vingi tunavyopanga. Kiwanda cha BOE mjini Hefei, China, kilichoanza uzalishaji mwishoni mwa 2017, kinatumia bamba la milimita 2,940 kwa 3,370, ambalo hukatwa baadaye kuwa televisheni kadhaa. Yote hufanyika ndani ya vyumba ambavyo hewa yake huchujwa bila kukoma, na wafanyakazi hufunikwa mpaka macho, kwa kuwa chembe moja ya vumbi ni mlango mmoja uliokufa.

Juu ya bamba la nyuma huchorwa transista. Nasema huchorwa kwa makusudi. Hupakwa tabaka jembamba la metali au silikoni, juu yake hupakwa dawa inayobadilika ikipigwa na mwanga, mwanga hupitishwa kwenye kiolezo, dawa iliyopigwa huoshwa, kisha tabaka lisilofunikwa huliwa kwa kemikali au gesi. Kinachobaki ni mchoro. Kazi hiyo hurudiwa mara nne au tano, kila mara kwa kiolezo kipya, na michoro yote lazima ikae sawasawa juu ya mwenzake. Bamba la mbele hupewa wavu mweusi na vichujio vya rangi tatu. Kisha mabamba yote mawili hupakwa plastiki na kusuguliwa, au siku hizi huelekezwa kwa mwanga maalumu bila kuguswa. Matone ya fuwele kioevu hudondoshwa kwa hesabu kwenye bamba moja, gundi huzungushwa kingoni, bamba la pili hufunikwa ndani ya ombwe, gundi hukaushwa. Baada ya kukatwa, hubandikwa polaraiza nje na chipu za kuendesha safu na nguzo pembeni. Taa huja mwisho.

Nilipoyasoma haya ndipo nilipojibu swali la dola 10. Fuwele iliwekwa kabla vioo havijafungwa, kwa kipimo, bila vumbi na bila hewa. Hakuna tundu la kuijazia mezani.

Bati

Ili umeme ufike kwenye fuwele, kila mlango unahitaji bamba dogo la umeme mbele na nyuma, au yote mawili upande mmoja. Lakini metali huzuia mwanga. Inatakiwa mata inayopitisha umeme na mwanga pia, na mata za namna hiyo ni adimu. Inayotumika zaidi ni mchanganyiko wa oksidi ya indiamu, kama sehemu 90 kwa 100 za uzito, na oksidi ya bati, sehemu 10. Indiamu hutoa elektroni tatu katika muungano, bati hutoa nne. Ile ya nne inabaki huru, na ndiyo inayobeba umeme. Tabaka lenyewe lina unene wa nanomita 100 hivi. Kiwandani kipande cha mchanganyiko huo hupigwa kwa chembe za gesi ya agoni ndani ya ombwe, atomi zikabanduka na kutua juu ya kioo.

Oksidi ya bati ndiyo kasiteriti, na hapa Maniema tunaijua. Imechimbwa kwa wingi Kalima, wilaya ya Pangi, tangu enzi za Symétain na baadaye Sominki. Kabambare inajulikana zaidi kwa dhahabu, kuzunguka Namoya na Salamabila. Na chipu zinazoendesha skrini huunganishwa kwa vinundu vya dhahabu. Kwa hiyo nyumbani husikika usemi kwamba bila Maniema dunia isingekuwa na televisheni. Niliupenda usemi huo mpaka nilipochukua kalamu.

Mita mraba moja ya tabaka la nanomita 100 ni sentimita ujazo 0.1, kama gramu 0.7. Sehemu ya kumi ni oksidi ya bati, gramu 0.07, ambayo ndani yake bati ni kama gramu 0.055. Tabaka zikiwa mbili, gramu 0.11 kwa mita mraba. Televisheni ya inchi 32 haifikii theluthi ya mita mraba. Bati lake la kwenye paneli ni kama gramu 0.03. Halitoshi kuzibia tundu la sufuria.

Bati jingi zaidi liko kwenye lehemu inayoshikilia vipande vya umeme kwenye kadi. Tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulipoizuia risasi, lehemu inayotumika sana ina zaidi ya asilimia 95 ya bati. Fundi huiita eteni, ambalo kwa Kifaransa ni jina la bati lenyewe. Rola iliyokuwa mezani kwake iliandikwa Kichina. Kama ndani yake mlikuwa na punje ya Kalima, hapana wa kusema: bati likishayeyushwa halina kabila. Marekani mwaka 2010 ilipitisha sheria ya kudai kampuni zieleze asili ya bati, tantali, tungsteni na dhahabu, na kuanzia Septemba mwaka huo hadi Machi 2011 serikali yetu ilisimamisha uchimbaji Maniema na Kivu zote mbili. Wachimbaji waliokosa chakula miezi hiyo ndio wanaoujua mnyororo huu vizuri kuliko makala yangu.

Mezani tena

Mchana uleule ililetwa televisheni nyingine, yenye sauti bila picha. Mwenyewe alisema ekra ilikufa, ametoka kuuliza bei ya mpya Kindu. Fundi akafunga pazia, akawasha tochi ya simu, akaiegemeza karibu na skrini. Ndani ya giza, hafifu kama kivuli majini, watu walikuwa wakitembea. Paneli ilikuwa nzima. Milango ilikuwa ikifunguka na kufungwa mbele ya taa zilizokufa. Mstari wa LED ulibadilishwa kabla ya jua kutua. Kama una televisheni ya namna hiyo, jaribu tochi kabla ya kuuliza bei ya mpya. Na ukiisafirisha, isimamishe, usiilaze: kioo cha nusu milimita kikilala hupinda katikati kila pikipiki inaporuka.

Televisheni ya mama haikuwa na dawa. Fundi aliinunua kwa ajili ya taa na kadi yake. Nilimchorea uzio mbili na kamba kwenye daftari, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili mazuri kuhusu polaraiza. Siku mbili baadaye alifika mteja mwingine na doa kama lile, akasema wino ilimwangika. Nilinyanyua kichwa kusikia fundi atajibu nini. Akaligusa doa kwa ncha ya bisibisi, akasema: “Ndiyo. Ila hii wino hawaiongezi.”